Mchanje Wako, Umkinge wa Jirani

Ndugu zangu wa Mbugangari, hapa Rwanda, mtoto akiugua umusonga, yaani nimonia, mara ya pili, mtaa huwa na maneno: Mama yake hamfuniki. Alimwogesha jioni. Ukoo ule una mkono wa mtu. Nawaomba tuyaache. Watoto wawili hulala mkeka mmoja na kuvuta moshi wa makaa ule ule. Mmoja akakohoa siku mbili na kurudi kucheza, mwenzake akabebwa usiku kukimbizwa Hospitali ya Gisenyi. Sehemu ya sababu imo ndani ya damu, na waliokwenda kuitafuta waliitafuta hapa hapa Afrika Mashariki.

Bakteria anayeleta nimonia nyingi kali, nimokokasi, hukaa puani mwa watoto wengi wazima wala asiwafanye kitu. Anayemzuia asiingie mapafuni na damuni ni kinga ya kuzaliwa nayo, ile isiyongoja kufundishwa adui ni nani. Mstari wake wa mbele ni seli nyeupe ziitwazo nyutrofili: huwahi, humzingira, humla. Lakini utendaji wa seli hizo hutegemea jeni, na jeni tunarithi kila mtu na zake. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walilinganisha damu ya watoto waliolazwa na ya wenzao wazima, na mwaka 2016 wakatangaza tofauti moja ya jeni, isiyoonekana ila kwa watu wenye asili ya Afrika, inayoongeza maradufu hatari ya nimokokasi kuingia damuni. Jeni hiyo hufanya kazi ndani ya nyutrofili. Mtoto aliyeirithi hana alama usoni. Ananenepa, anacheka, anamsumbua bibi yake kama wengine.

Kuna urithi mwingine tunaoweza kuupima, nao ni seli mundu. Ugonjwa huu huharibu wengu mapema, na wengu ndio unaosafisha damu dhidi ya bakteria wa aina hii. Utafiti wa Kilifi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa seli mundu waliokutwa na bakteria damuni, nimokokasi ndiye aliyeongoza, karibu 41 kwa kila 100. Wala tusidhani ni mambo ya pwani tu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulipima watoto wachanga 1,825 wa Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki, na seli mundu ilikutwa.

Sasa ombi langu. Rwanda ilianza kuchanja watoto wote dhidi ya nimokokasi Aprili 2009, ikitangulia nchi nyingine zilizosaidiwa na Gavi, shirika la chanjo. Sindano ni tatu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mzazi aliyekosa moja kwa sababu ya biashara ya mpakani asione haya kurudi. Wauguzi wamewaona wengi. Kwa nini nasisitiza hata kwa mwenye mtoto shupavu? Kwa sababu aliyechanjwa huwabeba puani kwa nadra zaidi wale bakteria wanaolengwa na chanjo, hivyo hampelekei mwenzake. Kenya ilianza Januari 2011, na huko Kilifi maambukizi makali ya aina zilizomo kwenye chanjo yakapungua kwa 92 kwa kila 100 miongoni mwa watoto chini ya miaka mitano. Hata wasiochanjwa walifaidika. Mwezi Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tuligawana vyumba na watu wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Na hata siku za kawaida sokoni pua zetu hazina mpaka. Yule asiyejulikana kwa jeni zake analindwa na pua ya mwanao.

Mtoto aliyepata nimonia zaidi ya mara moja, au anayevimba vidole na kulia maumivu ya mifupa, mwombeeni kipimo cha seli mundu. Akikutwa nayo, penisilini ya kila siku tangu uchanga ni kinga kubwa: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1986 lilipunguza maambukizi ya nimokokasi kwa 84 kwa kila 100. Jamani, hili si la kumficha mama mkwe, wala si la kuvunjia ndoa. Jeni ya seli mundu hutoka kwa baba na mama, wote wawili.

Na msingoje homa iwe kali. Wapo watoto wachache ambao udhaifu wao wa kinga hufanya hata homa ichelewe. Hesabuni pumzi, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, mwiteni mshauri wa afya wa mudugudu (kijiji) wenu siku hiyo hiyo. Mtoto chini ya miezi miwili anayepumua mara 60 au zaidi, au yeyote ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, aende moja kwa moja hospitali, hata kama ni usiku. Na gharama isimzuie mtu: mwaka wa mituweli, bima yetu ya afya, huanza Julai; wenye duka wanaoweza, mlipieni jirani ambaye bado hajalipa.