Maneno ya Udhaifu si Udhaifu wa Lugha

Kuna usemi unaovuma sana miongoni mwa wasomi wetu, nao ni kwamba Kiswahili ni lugha maskini. Wakikuta Kiingereza kina maneno kumi ya kumweleza mtu aliyepungukiwa na nguvu, wao huyafasiri yote kwa neno moja tu: kudhoofika. Kisha hugeuka wakasema, "Mwaona? Lugha yetu haitoshi." Na wapo wanaoongeza kwamba hata hilo dhaifu si letu, tumelikopa kwa Waarabu.

Basi ndugu msomaji, natuyafungue hayo maneno ya Kiingereza tuone mna nini ndani yake.

Neno lao la kila siku, "weak", limeletwa na watu wa kaskazini ya Ulaya, waliovuka bahari wakakaa Uingereza tangu karne ya 9. Asili yake ni kitu laini kinachopindika upesi. "Faint" wamelipata katika Kifaransa, lugha ya Wanormani walioiteka nchi yao mwaka 1066. Hapo mwanzo lilikuwa la mtu anayejisingizia. Likahamia kwa mvivu na mwoga, hatimaye likamwangukia mgonjwa anayezirai. "Pine", yaani kudhoofu kwa majonzi au hamu, latokana na neno la Kilatini la adhabu. "Enervate" pia ni la Kilatini, na maana yake ni kutolewa kano, asibaki mtu na cha kumsimamisha. La kuchekesha ni kwamba wako Waingereza wanaodhani lina maana ya kutia nguvu, kwa kuwa sauti yake yakaribia "energy"!

Ya kwao wenyewe nayo yapo. "Wane" ni mwezi unapopungua. "Ebb" ni maji yanapokupwa. Na "wither", la jani linaponyauka, wataalamu hulihesabu kuwa ndugu wa neno lao la hali ya hewa, kana kwamba jani limeachwa likapigwa na jua na upepo.

Basi hao tunaowaonea wivu wamekopa kwa majirani, wakakopa kwa waliowatawala, na hawakuona haya. Walakini hawakuyatupa ya kwao. Ya kukopa na ya asili yakakaa nyumba moja, kila moja likapewa kazi yake.

Na sisi je? Dhaifu limetoka Kiarabuni, naam. Limo katika Suratun-Nisaa, aya ya 28, likimweleza binadamu, na kila aliyesoma chuoni amesikia habari za hadithi dhaifu. Lakini tumelipokea tukalinyumbua kwa desturi yetu: kudhoofu, kudhoofika, kudhoofisha. Limekuwa mwana wa nyumbani.

Na pembeni yake tunayo mengine tele. Kamba hulegea, na mwili pia hulegea. Mwenye njaa au huzuni hunyong'onyea. Ngozi husinyaa, majani hunyauka, rangi na sauti hufifia. Biashara huzorota. Asiye na wa kumtetea ni mnyonge, hata akiwa na misuli ya kubebea magunia. Na nani pwani hii asiyejua kwamba maji yakijaa hupwa?

Jambo hili si la mchezo wa maneno tu. Bibi mzee akifika hospitali akasema, "Mwanangu, mwili umelegea," hakusema kwamba amekonda. Akisema amenyong'onyea, hakusema kwamba ataka kuzirai. Kila neno lamwonyesha daktari njia nyingine ya kuutafuta ugonjwa. Mkalimani akiyakusanya yote akayatia katika neno moja, bibi yule hakusikilizwa, na dawa yaweza kwenda siko.

Kwa hiyo nawaomba wafasiri, walimu na wenzetu wa magazeti: kabla ya kusema Kiswahili hakina neno, waulizeni wazee wa Lamu, wa Mvita na wa Vanga. Waulizeni wavuvi na wakunga. Mkikosa kabisa, kopeni bila ya haya, kama walivyokopa Waingereza. Lakini kumwendea jirani kukopa chumvi, hali kibuyu chako kimejaa, huo si umaskini. Ni uvivu wa kutazama jikoni mwako.