Pikapu Ikigonga, Fundi Asikilize Kwanza

Katika barabara ya RN3, inayofuata Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hadi Nyanza-Lac, Hilux kuukuu za dizeli bado zinabeba ndagala na mawese. Huko Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania, injini ikianza kugonga, mwenye gari huomba asisikie neno moja: beringi.

Kwa bahati mbaya, mafundi wenye pupa hulitamka kabla hata boneti haijafunguliwa vizuri.

Dizeli kuukuu inaweza kugonga kwa sababu nyingi, na kipimo cha kwanza hakihitaji kompyuta. Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, huku akikinga macho na mikono, maana mafuta hayo yana shinikizo kali. Mlio ukififia, kwa mfano, kwenye silinda ya tatu, kasoro iko hapo. Kisha nozeli hiyo ihamishiwe silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, mbovu ni nozeli. Ukibaki palepale, ndipo beringi ishukiwe.

Kuna jambo jingine. Kwa uhaba wa mafuta ulioiandama Burundi miaka hii, mazutu mengi hununuliwa kwenye bidoni, na maji au uchafu ndani yake huharibu pampu na nozeli. Basi chujio likaguliwe pia na maji yamwagwe. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Wenye pikapu, msilipie injini kufunguliwa kabla fundi hajawaonyesha silinda inayogonga.