Mkimbizi si tusi

Hapa Kampala wengi wetu hatupendi kuitwa wakimbizi. Kijana wa Bukavu akiulizwa kwao ni wapi, anasema Kasese. Namuelewa, maana neno hili tunatupiwa kama jiwe. Lakini tuliangalie vizuri, limetoka wapi?

Waingereza wanasema refugee, Wafaransa réfugié, Wahispania refugiado, Waitaliano rifugiato. Yote asili yake ni Kilatini, refugium, yaani mahali pa kukimbilia. Kwa Kiingereza lilienea baada ya mwaka 1685, mfalme Louis XIV wa Ufaransa alipowanyima Waprotestanti haki ya kuabudu, na maelfu wakakimbilia Uingereza. Kumbe wa kwanza kuitwa refugee walikuwa Wazungu, tena wengine mafundi hodari wa kufuma hariri! Hata hapa Uganda, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wapoland walipewa hifadhi kwenye kambi ya Koja na ile ya Nyabyeya kule Masindi. Leo nani anawacheka?

Kiswahili chetu kinaangalia miguu: mkimbizi ni mtu anayekimbia. Waganda wao wanasema omunoonyi w'obubudamu, mtu anayetafuta kubudama, kama vile unavyojikinga mvua. Hilo nalipenda sana. Mvua haichagui mtu, na ukijibanza kwenye baraza ya jirani mpaka ikatike, wewe si mwizi.

Lakini hata Kiswahili hakijatutupa. Kukimbia ni kuacha, kukimbilia ni kufika mahali. Ndiyo maana tuna neno kimbilio. Na kimbilio letu hapa limeandikwa: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea nchini.

Sasa hapo ndipo shida ya kujificha. Mwajiri akikunyima mshahara wa miezi miwili, utaenda kushtaki kwa jina gani? Ukisema ni wa Kasese, hiyo haki ya mkimbizi utaidai vipi? Sisemi ulitangaze jina hili kwa kila mlevi wa barabarani, usalama wako kwanza. Ila ofisini, polisi, shuleni kwa watoto, litaje bila kuinamisha kichwa, na kitambulisho chako kitembee nacho. Ukilificha jina, na haki umeificha pamoja nalo.