Ganzi Isiyojulikana Chanzo Isiachiwe Uvumi

Ganzi ya vidole na miguu, hasa inapoandamana na hisia ya kuchomwachomwa kama kwa sindano, si ugonjwa wenyewe bali ni dalili kwamba neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo, zimebanwa au zimedhurika, na chanzo huweza kuwa kisukari, upungufu wa vitamini B12, pombe, au hata isoniazidi, dawa ya kifua kikuu ambayo kwa sababu hiyo hutolewa pamoja na vitamini B6. Kwa mchuma chai wa Nyamira au mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, ambaye mkono wake haupumziki, neva huweza kubanwa kwenye kifundo cha mkono, na ganzi ikamwamsha usiku.

Ni katika kusubiri majibu ya vipimo vya chanzo cha ganzi ndipo uvumi wa kurogwa hupenya, na madhara yake yanajulikana Kisii, ambako mwaka 2021 vikongwe wanne waliuawa Marani kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo serikali za kaunti za Kisii na Nyamira hazina budi kuhakikisha kwamba kila zahanati inapima sukari kabla ya mgonjwa kupelekwa hospitali ya rufaa.

Mgonjwa naye akague nyayo zake kila jioni, kwani mguu wenye ganzi hauhisi jeraha, wala asiache dawa bila ushauri. Lakini ganzi ya ghafla ya upande mmoja, uso ukipinda au ulimi ukiwa mzito, huashiria kiharusi, na hiyo haisubiri miadi.