MAMBO YA SHAMBA: Divai Njema Huanza Mzabibuni

Wako watu wadhanio kwamba divai ni kazi ya kiwanda tu, na kwamba fundi hodari aweza kuitengeneza kwa zabibu zo zote apewazo. Habari za Dodoma, nchini Tanzania, zaonyesha vingine. Mapadre wa Kikatoliki walipanda mizabibu huko katika miaka ya 1950, na leo mashamba ya wakulima wa Ugogo ndiyo tegemeo la viwanda vya divai vya sehemu hizo.

Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, nao huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mti huamshwa na mkasi wa mkulima: akiisha kupogoa, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi vichala huwa tayari. Kwa hiyo hupatikana mavuno mawili, moja mnamo Machi na jingine mnamo Agosti na Septemba. Mwenye kuhesabu kilo huyapenda yote mawili, lakini mtengenezaji wa divai hayaoni kuwa sawa. Zabibu za masika hujaa maji, hupasuka na kushikwa na ukungu. Zile za kiangazi huiva kwa jua la mchana na ubaridi wa usiku. Utamu wake huzidi, na uchachu uipao divai uhai hautoweki wote.

Jambo liletalo ugomvi kati ya mkulima na mnunuzi ni siku ya kuchuma. Mkulima alipwaye kwa kilo, ambaye ada ya shule yamngoja na ndege wanammalizia vichala, huona heri achume mapema. Si haki kumlaumu sana. Bei isiyotofautisha zabibu mbichi na mbivu ndiyo impotoshayo. Hata hivyo hesabu haibadiliki. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa kadiri ya asilimia 1 ya kileo. Maji yenye gramu 200 yatafikia karibu asilimia 12. Yenye gramu 140 hayafikii 9, na divai yake huwa nyepesi, kali mdomoni, wala haihifadhiki vema. Sukari ya dukani yaweza kuongeza kileo, lakini haileti harufu ya tunda lililoiva. Kipo kipimo kidogo cha mkononi: tone moja huwekwa juu ya kioo chake, na kadiri ya sukari husomeka papo hapo. Yapasa zabibu zipimwe hivyo mbele ya mwenyewe, na bei ifuate kipimo.

Tena zichumwe alfajiri na kufikishwa kiwandani siku ile ile. Hamira igeuzapo sukari kuwa kileo hutoa joto. Divai nyekundu huchachuka vizuri kati ya digrii 25 na 30 za sentigredi, na nyeupe chini ya 18. Joto likikaribia 40 hamira hufa, sukari hubaki, na vijidudu viharibifu hupata chakula. Kwa hiyo tangi sharti lipozwe. Kazi hiyo ikiisha, adui ni hewa. Pipa na lijazwe hata juu kabisa, maana ikiachwa nafasi ya vidole vichache tu, divai yaweza kugeuka siki kabla ya mnunuzi kuionja.