Karata, Bahati na Uamuzi

Wazee walitukataza kamari, nao hawakukosea. Hata hivyo, hesabu iliyomo katika karata haina hatia, na yafaa ifundishwe shuleni.

Maria Konnikova, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alipoanza kujifunza poka hakujua hata idadi ya karata. Alifundishwa na mchezaji mashuhuri, Erik Seidel. Na mwezi Januari 2018 akashinda mashindano huko Bahama, akapata dola 84,600. Fundisho kuu alilolipata ni kupima uamuzi wenyewe, wala si matokeo yake.

Tuseme kati ya karata 52 mchezaji ameona 6, na 4 kati ya hizo ni kopa. Karata moja imebaki kufunuliwa. Ikiwa kopa, atashinda. Karata 46 hazijaonekana, na 9 kati yake ni kopa. Mezani mna shilingi 100. Akitakiwa kuongeza 10, basi katika mara 46 kwa wastani atapata 900 na kupoteza 370: na aendelee. Akitakiwa kuongeza 50, atapoteza 1,850: na aache, hata kama karata ifuatayo ingekuwa kopa.

Kijana asiyeweza kutenganisha uamuzi na bahati ndiye windo la kamari, kwa maana ushindi mmoja humfanya ajione hodari. Basi walimu, leteni karata darasani; na mahali pa fedha, wekeni kokoto.