Uzamivu Unakwama Mezani kwa Msimamizi

Juni 2019, chuo kikuu cha JKUAT kilipowatunuku watu 118 shahada ya uzamivu kwenye mahafali yake, nchi nzima ilishtuka na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaanzisha uchunguzi. Kelele zilikuwa kwamba shahada zinatoka haraka mno. Mimi niko mwaka wa sita wa masomo ambayo kwa kawaida hupangiwa miaka mitatu, na naona wengi wetu tunaumia kwa kinyume chake.

Utafiti wangu kwa wavuvi wa Lamu niliumaliza zamani. Sura moja ya tasnifu imekaa kwa msimamizi miezi saba. Kumkumbusha naogopa, maana ndiye atakayeniidhinisha. Karo, hiyo haisubiri; kila mwaka unaoongezeka nalipa.

Msimamizi naye kazidiwa. Mwaka 2014 Tume iliagiza wahadhiri wawe na uzamivu ndani ya miaka mitano, watu wakajazana madarasani, lakini wa kuwasimamia hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Huku Pwani ndiyo zaidi: Chuo Kikuu cha Pwani na kile cha Kiufundi cha Mombasa vilipata hati zao 2013 tu.

Wazee walionipa maelezo huniuliza, "Mwanangu, kile kitabu ki wapi?" Wawili wameshatangulia mbele ya haki.

Vyuo viandike tarehe sura ilipopokewa na tarehe iliporudishwa. Ikipita miezi miwili bila jibu, karo ya muda huo mwanafunzi asidaiwe.